Wimbo Uliomzika Mama Mkwe

Mume wangu alimuua mama yake mchana kweupe, katika chumba cha kurekodia kilichoko juu ya duka la mapazia, hapa Guangzhou. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa kwao Kinangop, Kenya, akivuna viazi, mzima wa afya, na jioni yake alitupigia simu kutuuliza kama tumekula.

Nianze mwanzo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa Changamwe, nikakua na taarabu ya jirani ikiingia dirishani tupende tusipende. Mume wangu ni mtu wa bara, wa kwenye baridi na ng'ombe wa maziwa, na watu wa kwao wana ugonjwa mmoja ambao sikuujua mpaka nilipoolewa. Ugonjwa wenyewe ni muziki wa kantri. Ndiyo, ule wa Wazungu wa Amerika wenye kofia pana, farasi, na magitaa yanayolialia kama yamefiwa. Jumapili asubuhi redio za kule zinaupiga kuanzia alfajiri, na wazee wenye mashamba wanausikiliza wamefumba macho. Mume wangu hajapanda farasi maisha yake yote. Alipanda punda mara moja, akaangushwa. Lakini mpe gitaa, utadhani alizaliwa Texas.

Kazi yetu hapa ni bidhaa za ngozi. Tunakwenda Shiling, mji wa mikoba ulioko Huadu, tunaagiza mikoba ya kina mama, na kwa ajili ya hao wagonjwa wa kantri tunaagiza mikanda yenye bizimu kubwa na kofia za kauboi. Kofia ndizo zilizoleta balaa. Ili kuziuza, mume wangu alikuwa akijirekodi kwa simu amevaa kofia, akiimba kidogo, na wateja wakawa wanampenda yeye kuliko kofia. Wakamwambia, wewe una sauti, toa albamu. Mwanamume ukimwambia ana sauti ndiyo umemmaliza.

Basi akatunga. Sitamnyima haki yake: nyimbo zile zilikuwa nzuri. Kantri ya Kiswahili, juu ya maisha yetu ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou. Mmoja ulikuwa juu ya kontena lililopotelea baharini, mwingine juu ya mwenye kiwanda anayejibu kila ombi kwa "meyo", yaani hakuna, hata kabla hujamaliza kuomba. Mwingine ulikuwa juu yangu, ingawa aliniongezea upole. Nilicheka, nikamsifu, nikampikia chapati.

Kisha siku moja akaketi kitandani na gitaa, uso umemshuka, akasema albamu haijakamilika.

"Imekosa nini?"

"Kaburi," akasema. "Kantri bila kaburi si kantri. Lazima mtu akufe. Either mama, either bibi, either mbwa."

"Sasa?"

"Mbwa hatuna. Na wewe bado nakuhitaji."

Nilidhani anatania. Aliposema amemchagua mama yake, nilizishika nyuzi za gitaa zisilie tena. Kwetu Pwani kuna neno uchuro. Ni kulitaja jambo baya kana kwamba limeshatokea, mpaka likasikia likiitwa, likaja. Mtoto akicheza kujifanya maiti, anapigwa kofi kwanza, maelezo baadaye. Nikamwambia: huo ni uchuro, mwanamume wewe, mama yako yuko hai.

"Si ni wimbo tu," akasema. "Kwani wimbo inaua mtu?"

Na wimbo ulikuwa mzuri kuliko yote, hilo ndilo lililoniogopesha. Kiitikio chake kilisema:

*Mama, umelala chini ya msonobari,*
*mvua inanyesha na mimi niko mbali.*
*Nilikuja na shali, nikakuta udongo;*
*nani ataniita jina langu la utoto?*

Mwenye studio alikuwa Mchina wa makamo, nywele kazifunga nyuma, mpole, aliyeishi kwa kurekodi matangazo yale yanayopigiwa makelele mbele ya maduka. Tulimwita laoban, bosi, kama tunavyomwita hapa kila mtu mwenye biashara yake. Alikuwa na gitaa lake zuri na alimpenda mume wangu kwa dhati. Zile nyimbo nyingine waliziimba wakicheka, wakinywa chai, mimi nikiwa nimekaa kwenye kochi la pembeni.

Tulipofika kwenye ule wa mama, laoban alisikiliza jaribio la kwanza akaguswa. Akaandika kwenye simu yake ile inayotafsiri, akamuuliza mume wangu wimbo unasema nini. Mume wangu akajibu kwa simu ileile: mama yangu amekufa. Laoban akavua hedifoni. Akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, kichwa akakiinamisha. Na mume wangu, badala ya kunyamaza, akacheka. Akaandika: hapana, yuko hai, ni wimbo tu.

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Laoban alirudi nyuma, akatema mate makavu pembeni, "Pei! Pei! Pei!", akagonga meza ya mbao kwa vidole. Akamwonyesha mume wangu ishara afanye vilevile, atemee pembeni, agonge mbao. Mume wangu akazidi kucheka. Mimi nilitoka kwenye kochi nikatema, nikagonga meza kwa niaba ya ukoo mzima, lakini laoban alitikisa kichwa akinionyesha mume wangu. Mwenye mdomo ndiye atemaye.

"Bu hao," alisema. Si vizuri.

Kazi ni kazi, akarekodi. Lakini kabla ya kubonyeza, alikwenda ukutani, akaitungua picha ya bibi kizee mmoja aliyepakata mtoto, akaitia ndani ya mtoto wa meza, uso chini, akafunga. Nilijua bila kuambiwa kwamba yule ni mama yake. Mume wangu akaimba. Alipofika kwenye "udongo", sauti ikamkatika, akalia machozi ya kweli, na wakaamua kuiacha hivyohivyo, na kilio chake ndani. Nje ilikuwa ile miezi ya unyevu ambapo kuta za Guangzhou zinatoa jasho na nguo hazikauki.

Albamu ikatoka. Kwa siku chache haikutokea kitu, na mimi nikaanza kujiona mshamba. Kisha mtangazaji mmoja wa kipindi cha Jumapili kule nyumbani akaupiga ule wimbo. Watu wakapiga simu studio wakilia. Akaupiga tena. Jumapili iliyofuata akaupiga mara mbili, na sasa waliupiga na wengine. Ule wa kontena hakuna aliyeuuliza. Ule wangu, ndio kabisa. Albamu nzima ikawa wimbo mmoja, na wimbo wenyewe ulikuwa mazishi.

Haukuchelewa kufika Xiaobei. Ukipita mtaa wa jirani wa Dengfeng uliusikia kwenye vibanda vya simu, kwa Wakenya, kwa Watanzania, hata kwa Wakongo wasioelewa lote lakini wakitikisa kichwa kwa huzuni. Mume wangu alitembea mtaa ule amevaa kofia yake, watu wakimshika bega. Alidhani wanamsifu. Hakujua wanampa pole.

Tulikuja kujua alasiri moja ya Ijumaa. Mlango uligongwa, nikafungua, nikakuta watu wamejaa kwenye ngazi. Mbele alikuwa mama mmoja wa Kizanzibari, mfanyabiashara wa siku nyingi, ambaye Waswahili wote wa hapa tunamwita bi mkubwa. Amejitanda kanga, macho yamemwiva, mkononi ana sukari na chupa ya chai. Nyuma yake kina mama wa Dar wenye masinia yaliyofunikwa, na wanaume watatu wanne wa Nairobi wamevua kofia.

"Poleni, wanangu," bi mkubwa akasema. "Msiba mkubwa huu. Mbona hamkutwambia?"

Wakaingia. Wakakaa chini, viatu mlangoni. Mume wangu alikuwa katikati ya chumba na fulana ya kulalia. Mtu wa kwanza akampa mkono, pole ndugu, akaupokea. Wa pili akaupokea. Nilimwangalia nikingoja aseme, na hakusema. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyepanda basi la wenyewe na anaona haya kushuka. Mmoja wa kina mama akaanza kulia kwa kwikwi, akimkumbuka mama yake mwenyewe aliyemzika kwa simu kutoka hukuhuku Guangzhou. Hapo nikashindwa.

"Mama hajafa," nikasema.

Yule mama akaikata kwikwi katikati.

"Hajafa?" Bi mkubwa akamgeukia mume wangu. "Na uliyekuwa ukimlilia nani?"

"Ni wimbo, bi mkubwa. Ni mtindo wa kantri, unajua, lazima..."

"Umemzika mamako hai?" Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Astaghfirullahi. Maneno huumba, mwanangu. Nenda kamtake radhi kabla hajakutangulia."

Wakaondoka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao bila kutazamana. Nilimkimbilia bi mkubwa na sukari yake. Akaukataa mfuko. Alisema ameshaitia nia ya matanga, hawezi kurudi nayo nyumbani kwake. Ikabaki jikoni kwangu, na nakiri niliiogopa. Nilinunua nyingine, ile sikuigusa.

Kinangop nako yalikuwa yaleyale. Mama mkwe alinisimulia mwenyewe kwa simu. Mimi na yeye tunaongea Kiswahili, kwa kuwa Kikuyu changu kinaishia kwenye salamu, na Kiswahili chake ni kile cha bara kinachopita njia yake chenyewe. Wanawake wa kanisani kwake walikuja na kuni na chupa za chai, wakiimba wimbo wa maombolezo kuanzia barabarani. Wakamkuta anakamua.

"Nikawauliza, mnazika nani?" akasema, akacheka. "Wakaniangalia tu. Nikawapikia chai. Msichana yangu, nimepika chai ya matanga yangu."

Mara ya kwanza alicheka. Nilifarijika, nikamwambia mume wangu mama hana neno. Lakini mara iliyofuata hakucheka. Alisema pale wanapopeleka maziwa asubuhi kuna redio, na wimbo ukipigwa yule karani anaongeza sauti, na watu wote wananyamaza. Naye yuko katikati yao na mkebe wake. Wanangoja mpaka uishe. Kisha wanamwambia yeye, pole, mama.

"Wananipa mimi pole ya mimi," akasema.

Tena akasema sokoni watu wanamkwepa kidogo, kama hawajui wamsalimie vipi. Na msonobari ule wa nyuma ya nyumba, ambao kwa kweli upo, hapiti tena chini yake. Alisema usiku anausikia ukitikisika na hakuna upepo. Akaomba jambo moja tu: "Mwambie aondoe hiyo wimbo."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mume wangu alinisikiliza akichezea nyuzi za gitaa. Walikuwa wamemwalika kuimba kwenye tamasha la kantri kule nyumbani mwisho wa mwaka, na wimbo walioutaka ni huohuo.

"Nikiondoa hiyo, nabaki na nini?" akasema. "Tamasha ikiisha naitoa. Naapa. Mathe atangoja tu kidogo."

Jumapili ile alimpigia mama yake kumwambia habari za tamasha. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Nikapiga mimi kwa simu yangu, ikapokewa hapohapo.

"Mama, anakutafuta hapa," nikasema. "Mbona hupokei?"

"Mwambie mtu amekufa hashikangi simu."

Alisema bila hasira, kama anayenipa bei ya viazi. Kisha akaniuliza habari za afya yangu. Nilimgeukia mume wangu na simu ingali sikioni, na nikaona amesikia. Alitabasamu, akidhani atatabasamiwa.

Mama hakupokea simu yake wiki ile wala zilizofuata. Halafu akaanguka. Aliteleza zizini asubuhi moja ya mvua, nyonga ikaumia, akalazwa. Shemeji alipotupigia kutuambia, aliongeza neno moja lililonikata maini: kwamba wodini wagonjwa wengine walipojua yeye ni mama wa wimbo, mmoja aliomba ahamishwe kitanda.

Siku hiyo ndipo mume wangu alipoingiwa na hofu. Afadhali kuchelewa, nilidhani. Aliufuta wimbo kila mahali alipouweka. Aliwapigia watangazaji akawasihi. Alikwenda Dengfeng, kibanda hadi kibanda, akiwaomba wauzima, na wao wakamwitikia ndiyo, ndiyo, na akipiga kona anausikia nyuma yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikwenda hata kwa laoban kumwomba afute nakala yake, na laoban akamjibu kwa ile simu ya kutafsiri kwamba aliifuta wiki ileile waliporekodi. Mume wangu alirudi nyumbani akaketi na viatu miguuni, akaniambia anataka radhi ya mama yake, hataki kitu kingine. Tamasha aliwaambia hatakwenda. Tiketi ya ndege akanunua ya kwenda Kinangop tu.

Nilimpenda siku zile. Alikuwa ananunua zawadi kama mtoto anayerudi likizo: magambuti ya kike ya kuvalia matopeni, yenye manyoya ndani, dawa ya kuchua, birika la umeme. Mama alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, anatembea kwa fimbo. Ilibaki mimi kumpa habari njema. Nikampigia Jumapili, mume wangu akiwa chumba cha pili anafunga mizigo.

"Mama, mwanao anakuja. Anakuja kukupigia magoti."

Nilisikia kuku.

"Wewe ulikuwa hapo wakati anaimba?" akauliza.

"Nilikuwapo, mama."

"Alilia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri kwamba akijua mwanawe alilia, moyo utalegea, atajua anapendwa. Hayo ndiyo mawazo yangu, na nilikosea.

"Alilia, mama. Machozi ya kweli."

"Ya ukweli kabisa?"

"Kabisa."

"Basi amemaliza," akasema. "Mtu analilia mama yake mara moja. Mwambie asikuje. Na hata ile siku yenyewe, asikuje. Atakuja kulia na nini?"

Nilimbembeleza, nililia, nilimwita kwa majina yote mazuri niyajuayo. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akaniaga kwa upole. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na magambuti mkononi. "Amefurahi?" akauliza. Nikamwambia neno kwa neno. Alisema atakwenda tu, ni mama yake. Akamtuma shemeji, akamtuma mchungaji, akamtuma mjomba ambaye mama mkwe hajawahi kumkatalia jambo. Wote walirudi na jibu moja. Na hakuna mtoto, awe wa Kinangop awe wa Changamwe, anayevuka kizingiti cha mama aliyemwambia asivuke. Ndege iliondoka bila yeye.

Imepita miezi sasa. Mama yuko hai, nyonga inamsumbua. Nampigia kila Jumapili, naweka simu mezani na sauti juu, na mume wangu anaketi kando yangu. Haongei. Anasikiliza habari za ng'ombe, za mvua iliyochelewa, za nani ameoa, na anapumua polepole kwa mdomo ili asisikike. Mimi nauliza maswali marefu ili mama aongee zaidi. Uchuro niliouogopa haukumfika yeye. Aliyekosa mama ni huyu hapa, na nimechoka kumtazama.

Jumapili iliyopita alikuwa na mafua. Alijizuia kwa muda mrefu, mpaka macho yakamjaa maji, kisha kikohozi kikamtoka.

Mama akakatiza habari ya ndama.

"Nani huyo?"

Mume wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akinitazama, akitikisa kichwa.

"Ni jirani, mama," nikasema.

Nilidhani mtandao umekatika, nikainama kuangalia simu, lakini dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika.

"Huyo jirani," akasema, "mwambie avae sweta."

Akakata simu kabla sijamjibu.